Rangi Mpya Hujaribiwa Nyumbani

Boksi la chaki lilikuwa na vyumba ishirini na vinne, na ndani yake kulikuwa na chaki ishirini na nne. Hilo halikuwa na ubishi. Fundi alizihesabu kwa kidole, wifi yake akazihesabu tena kwa ncha ya mkasi, na jibu likawa lile lile. Kisha wakasoma majina ya rangi yaliyopigwa chapa kwenye kifuniko, moja baada ya jingine, wakigusa kila chaki jina lake linapotajwa: nyeupe, maziwa, manjano, ndimu, chungwa, hivyo hivyo mpaka kahawia ya mwisho kabisa. Majina ishirini na manne, chaki ishirini na nne, hakuna iliyokosekana. Na bado, kwenye kona ya chini ya boksi, palikuwa na chaki ya kijivu ambayo haikutajwa, haikuguswa, na haikuwa imenunuliwa na yeyote.

Fumbo hili halijafumbuliwa mpaka leo. Wenye vichwa vya hesabu wamelijaribu wakashindwa. Yupo aliyesema wanawake wale walikosea tu, na kukosea si ajabu. Lakini walihesabu mara sita, na mara ya sita walikuwa hawacheki tena.

Mara ya kwanza walicheka.

"Labda zimezaa," wifi alisema.

"Chaki?"

"Kwani iko wapi ajabu? Vijiko vya jikoni vinapungua kila wiki na hakuna anayeuliza. Kitu kikiongezeka mara moja tu, tunashtuka."

Fundi aliitoa ile chaki, akainusa. Ilinuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa bado mbichi na kufungiwa kabatini. Alipoisugua kwenye kipande cha karatasi alisahau harufu. Rangi yake ilikuwa ile ya kivuli cha mtu ukutani saa kumi jioni, rangi aliyoitafuta kwa miaka kumi na mmoja kwa kuchanganya nyeusi na zambarau na mabaki ya kila kitu, na asiipate.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza albamu za kumbukumbu. Watu walimletea picha zao, za harusi, za watoto wachanga, za wazazi waliokwisha kufariki, naye alizibandika kwenye karatasi nene, akazizungushia mapambo, kisha akazipaka chaki. Hapo kwenye chaki ndipo jina lake lilipotoka. Alichukua pamba, akaisugua kwenye chaki, akaipitisha pembezoni mwa ukurasa taratibu mpaka karatasi nyeupe ikaanza kuonekana kama ina hewa ndani. Mwisho aliweka kivuli chini kidogo ya kila picha, upande wa kushoto. Alikuwa akimwambia wifi yake, aliyekata picha na kupaka gundi, kwamba picha isiyo na kivuli ni karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi. Ukiipa kivuli, mtu anasimama.

Ukurasa ukishapakwa uliachwa wazi mezani siku tatu. Chaki ambayo haijagandishwa haina uaminifu; ukifunga albamu mapema, rangi inahamia ukurasa wa pili, na uso wa bibi harusi unakutwa kifuani kwa mpiga ngoma. Siku ya tatu, rangi ikishatulia, Fundi alipuliza dawa ya kugandisha. Alitumia kimrija kilichopinda katikati, ncha moja ndani ya chupa, ncha nyingine mdomoni, na dawa ikatoka kama ukungu. Baada ya hapo rangi haikupungua wala haikuongezeka, hata ukiipangusa kwa kiganja.

Tena alikuwa na mwiko mmoja aliorithi kwa aliyemfundisha kazi. Rangi usiyoijua huiweki kwenye ukurasa wa mteja. Kumbukumbu za watu si mahali pa kufanyia majaribio. Rangi mpya hujaribiwa nyumbani.

Ndiyo maana asubuhi hiyo ya Jumanne, kwa uadilifu wake wote, alitoa rafuni albamu ya bintiye.

Binti alikuwa na miaka tisa, na kwa sababu ya alama nyeusi chini ya jicho la kushoto, nyumba nzima ilimwita Kidoti. Kila mwaka, siku aliyozaliwa, walimpiga picha akiwa amesimama kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, na kila picha ilipewa ukurasa wake. Mfinyanzi hulia gaeni: albamu za watu zilipata utepe na dhahabu, ya mtoto wa nyumbani ilipata rangi za majaribio. Kidoti mwenyewe hakujali. Alichopenda ni kufungua kurasa haraka haraka na kujiona anarefuka. Picha ya mwaka huu alipigwa pamoja na shangazi yake, ambaye ndiye wifi, na kichwa chake kilikuwa kimefika kifuani kwa shangazi.

"Mwakani begani," alikuwa amesema.

"Mwakani nitavaa viatu virefu," shangazi akamjibu.

Fundi alipaka kivuli pembeni ya picha hiyo ya tisa. Pamba ilipita mara mbili tu na mtoto akasimama. Alisimama kweli, hata wifi aliweka mkasi chini akaja kutazama. Chaki haikuwa imeacha vumbi. Pamba ilibaki nyeupe. Na ile chaki yenyewe, Fundi alipoipima kwa jicho, haikuwa imefupika hata kidogo.

"Hii itatuzika," wifi alisema kwa furaha.

Waliacha albamu wazi mezani, ilale siku zake tatu.

Alasiri Kidoti aliporudi kutoka shule, bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele.

"Njoo hapa, mke mwenza. Leo hukupaka mafuta?"

"Nimepaka, bibi."

"Umempaka nani, mwalimu? Mbona umepauka hivi?"

Mtoto alikuwa amepauka kweli, miguu na uso, kama aliyepita kwenye unga. Bibi alileta kopo la mafuta akamsugua mwenyewe, akinung'unika kuhusu viwanja vya shule vya siku hizi. Mafuta hayakushika. Kiganja cha bibi ndicho kilichobadilika, kikawa cha kahawia. Alikiosha jikoni, akaona maji yanateremka yana rangi ya chai, akafikiri ni vumbi. Alifungulia bomba zaidi ili yaende upesi.

Kesho yake, Jumatano, kabla ya adhuhuri, Fundi alitoka uani kuanika vitambaa vyake vya kazi. Alipokuwa akirudi alisikia kutoka chumba cha kazi sauti ya pamba ikipita juu ya karatasi. Swii. Swii. Kimya. Swii. Ni sauti ndogo sana, lakini aliyeisikia kila siku kwa miaka haiwezi kumpotea.

"Wifi, usiguse ule ukurasa wa Kidoti," alisema akiwa bado ukumbini. "Haujalala."

"Ukurasa gani?" wifi akauliza, na sauti yake ilitokea nyuma, jikoni, alikokuwa akimenya viazi.

Sauti ya pamba ilinyamaza. Fundi aliingia. Chumba kilikuwa kitupu, dirisha limefungwa, na ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imejaa mpaka darini. Juu ya meza kipande cha pamba kilikuwa kinabingirika polepole, kikasimama. Alitazama ukurasa wa tisa. Kivuli alichokipaka kilikuwa kimefika magotini mwa mtoto. Sasa kilikuwa kimefika begani. Hilo angeweza kujidanganya nalo, angesema chaki imesambaa. Lakini kivuli kilikuwa na shingo, na yeye hakuwahi hata siku moja kukipa kivuli chake shingo.

Hakumwambia mtu. Si kwa ujeuri. Kuna mambo ambayo mtu anaogopa kuyasema kwa sababu akiyasema yatakuwa yametokea.

Saa tisa Kidoti aliingia mbio, kama kawaida yake, akamkumbatia mama yake kiunoni, akabonyeza uso kwenye aproni nyeupe. Alipouondoa, uso ulibaki pale. Paji, shavu, nusu ya mdomo, vyote kwa rangi ya mtoto mwenyewe, vimechapika kwenye kitambaa. Na chini ya jicho la kushoto la uso ule wa kitambaa kulikuwa na doa jeusi. Fundi alimshika binti yake kidevu, akakiinua. Shavu lilikuwa jeupe kama bamba la chaki, na chini ya jicho hapakuwa na kitu.

"Mama, mbona unanitazama hivyo?"

"Hamna kitu, mwanangu. Nenda kanawe mikono." Kisha haraka: "La, usinawe. Kaa tu."

Vidole vyake viwili alivyoshikia kidevu vilikuwa vya kahawia. Alivua aproni kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji kwenye sahani, akaitundika kwenye kiti cha chumba cha kazi, akafunga mlango. Alikaa ukumbini akijaribu kufikiri, na alipofungua mlango tena ilikuwa bado mchana mweupe, jua linapiga meza. Aproni ilikuwa safi. Kivuli kwenye ukurasa wa tisa kilikuwa na uso wa kahawia umeanza kuchomoza, na chini ya jicho lake la kushoto kulikuwa na kidoti.

Ndipo alipowaita wote, akawaonyesha. Wifi alitazama, akatazama boksi la chaki, akaanza kuhesabu kwa mara ya sita. Bibi hakutazama ukurasa muda mrefu. Alitazama kiganja chake.

"Nilimwaga," alisema taratibu. "Jana. Nilifungulia bomba."

Alhamisi Kidoti hakwenda shule. Walifunga madirisha kwa sababu upepo ukipita ulimchukua kidogo kidogo, na asubuhi walikuta mto aliolalia una rangi zaidi kuliko shavu lililoulalia. Walimkalisha katikati ya chumba juu ya kigoda kisicho na egemeo. Alikaa wima, mikono hewani, kama anayesubiri kucha zikauke. Mtoto wa miaka tisa hawezi kukaa hivyo kutwa nzima bila kuuliza, na aliuliza, kwanza kwa mzaha, halafu kwa hasira, na mwisho kwa sauti ndogo.

"Mama, mbona hunishiki?"

Fundi alikuwa amekaa sakafuni hatua mbili kutoka kwake, na mikono yake, ambayo kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa imewasimamisha maelfu ya watu kwenye karatasi, ilikuwa imelala mapajani kama vitu vya mtu mwingine.

Walimpigia simu baba wa mtoto, aliyekuwa akifunga vioo kwenye jengo jipya, mbali, safari ya siku mbili. Alisikiliza, akauliza kama mtoto ana homa, akaambiwa hana, akasema anakuja. Wangemwambia nini zaidi? Maneno yote waliyokuwa nayo yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililosikika kuwa la kweli.

Alasiri, wengine walipokuwa na mtoto, Fundi alijifungia chumba cha kazi, akachukua kifutio laini ambacho mafundi hukitumia kuondoa chaki iliyozidi, na kwa kuwa hakuthubutu kugusa uso wa kile kivuli wala shingo wala mikono ambayo sasa ilikuwa na vidole, aliinama mpaka chini kabisa ya ukurasa, pale kivuli kilipokanyaga, akafuta ncha ya mguu wa kushoto, mara moja tu, kwa wepesi wa mtu anayefuta chozi la mwenzake, na kabla hajainua mkono alimsikia wifi yake ng'ambo ya ukuta, hakupiga kelele, alisema kwa kunong'ona kama mtu anayeongea na mlevi mwenye kisu: "Chochote unachofanya huko, wifi, acha. Acha sasa hivi."

Alitoka. Kidoti alikuwa anatazama mguu wake kwa mshangao zaidi kuliko maumivu. Kidole kidogo cha mwisho kilikuwa cheupe kama karatasi, na ukikikazia macho hukuona kinapoishia. Fundi alifungua kiganja. Vumbi lililoshika kwenye kifutio halikuwa la kijivu, lilikuwa la kahawia.

Tangu hapo hakuna aliyegusa kitu. Hawakuweza kufuta, hawakuweza kufunga albamu, hawakuweza kufungua dirisha wala kumbeba mtoto wala kumfuta machozi, na machozi yenyewe ndiyo yaliyowatisha zaidi, kwa sababu yalichora njia mbili nyembamba mashavuni, kwa hiyo walimwomba asilie, watu wazima watatu wakimbembeleza mtoto asilie huku wenyewe wakilia, na kutoka chumba cha kazi, kwa utulivu wa fundi asiye na haraka, ikaendelea kusikika ile pamba juu ya karatasi, swii, swii, kimya, swii.

Bibi ndiye aliyetoka kwenda kumtafuta Mama Dobi.

Mama Dobi aliwafulia watu na kuwapigia pasi, nyumba ya tatu kutoka kona. Wengi walimjua kwa mashati. Wachache walijua kwamba alikuwa na masikio ya kusikia wasioonekana, na yeye mwenyewe hakupenda kulizungumza, kama mtu asivyopenda kusema ana jino bovu. Alikuja Ijumaa, saa sita mchana, vidole vimekunjamana kwa maji, ananuka sabuni. Alisimama mlangoni mwa chumba alimokaa mtoto, akawatazama mmoja mmoja.

"Mko wangapi humu?"

"Wanne," wifi akasema.

"Watajeni."

"Mimi. Wifi yangu. Mama. Na mtoto."

"Wanne," Mama Dobi aliitikia. Kisha aliinua kidole, akahesabu vichwa kimya kimya, akarudi mwanzo, akahesabu tena. "Wanne," alisema, lakini macho yake yalikuwa yameganda penye nafasi tupu pembeni ya kigoda, upande wa kushoto, chini kidogo.

Alipelekwa kwenye ukurasa. Yule aliyekuwa kivuli alikuwa msichana kamili sasa, amesimama kwenye mwimo wa mlango, ana rangi nzuri ya kahawia, ana afya, ana kidoti. Kidoti wa picha alikuwa pembeni yake, mweupe, kama kivuli kilichogeuzwa. Mama Dobi alivuta kiti, akainamisha sikio mpaka likakaribia karatasi, akakaa hivyo muda mrefu. Pamba ilipita. Alitikisa kichwa. Pamba ikapita tena.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasema hakuiba. Anasema alipewa mahali pa kusimama, akasimama."

"Nilikuwa najaribu rangi tu."

"Namwambia hivyo. Anasema na yeye alikuwa anajaribu." Mama Dobi alijikuna shingo. "Sitamtukana, mama. Nimewahi kuona waliokuja kwa uchungu na waliokuja kwa njaa. Huyu hana hata hayo. Amechoka kutokuwa wa mtu. Lakini ndiyo hivyo, akiwa wa kwenu yeye, wenu anakuwa wa nani?"

"Mtoe," wifi alisema. "Si ndiyo kazi yako? Mpunge atoke."

"Sikiliza, mwanangu. Mimi ni dobi. Kuna doa linalokaa juu ya nguo, hilo unaliondoa. Kuna doa lililokwisha kuwa uzi. Ukilivuta hilo, inayotoka ni nguo." Aliunyooshea mkono ukurasa bila kuugusa. "Mnamwona mtoto hapa? Mnaweza kuniambia anaishia wapi na mwenzake anaanzia wapi? Nikimfukuza, anaondoka na alichobeba. Tukimwacha, leo siku ya tatu, jua likizama atakuwa amemaliza kuhama, na mtakuwa na binti mwenye afya hapo mlangoni ambaye hamkumzaa."

Pamba ikapita, swii.

Ni Fundi aliyesema, kwa sababu ndiye aliyejua kazi. "Siku ya tatu tunagandisha."

"Nami nilikuwa nalifikiria hilo."

"Nikigandisha sasa, rangi haitahama tena. Atabaki na iliyobaki."

"Atabaki nayo," Mama Dobi alisema. "Na huyu naye atabaki na aliyoichukua. Hamtamwona, lakini mtakuwa mnakaa naye." Alimgeukia Fundi. "Wewe ndiye fundi. Mimi sijui dawa yako. Niambie, kitu kikishagandishwa kinakuwaje?"

Jibu Fundi alilijua. Alikuwa ameyasema maneno hayo kwa mamia ya wateja, kwa fahari, akipangusa ukurasa kwa kiganja mbele ya macho yao. Hakipungui. Wala hakiongezeki.

Alizitazama kurasa nane zilizotangulia, mlango ule ule wa jikoni, kichwa kikipanda mwaka hadi mwaka, vidole viwili, vidole vitatu, mpaka kifuani kwa shangazi, na akaelewa kwamba jioni ya leo ana njia mbili tu, amkose binti yake kabisa, au amshike akiwa na miaka tisa, mweupe, bila kidoti, mwaka huu na mwakani na siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa ajuza, na siku atakayozikwa, na baada ya hapo mtoto yule wa miaka tisa atabaki na nani, na aliposaka ndani yake neno la ndiyo au la hapana hakuliona, alikuta tu mahali lilipopaswa kuwa, peupe.

Kidoti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amechoka na kigoda, akaja mwenyewe, mikono ameiweka mbali na mwili wake.

"Nimesikia," alisema. Kisha, baada ya kufikiri: "Kwa hiyo sitafika begani kwa shangazi?"

Wifi aliugeukia ukuta.

"Begani kuna nini, mke mwenza?" bibi alisema. "Mimi nimeishi miaka sabini na mbili, nimefika mabega ya kila aina, sikuona cha maana. Utakaa mapajani kwangu. Huko ndiko kuna joto."

"Utanishika?"

"Nitakushika mpaka unikimbie."

Mtoto aliwaza kidogo. "Basi sawa," alisema, kama watoto wanavyosema basi sawa wasipokuwa na la kufanya.

Fundi alikwisha kuichukua chupa. Alitumbukiza kimrija ndani yake. "Nitapuliza mimi. Mimi ndiye niliyeanza."

"Ndiyo maana usipulize," Mama Dobi alisema. "Pumzi ya aliyechora humalizia mchoro. Utamsaidia yeye, si mwanao."

"Basi mimi," wifi alisema akiwa bado ukutani.

"Picha nani aliikata?"

Wifi alivitazama vidole vyake vya kushikia mkasi.

Bibi alijifuta mikono kwenye nguo yake. Katika miaka yote ile hakuwahi kugusa karatasi hata moja ya chumba kile; alikuwa akisema gundi inamtia mafua. Alimnyang'anya mkwewe chupa, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mtoto kitu kikali.

"Mama," Fundi alisema, "pumzi zako..."

"Pumzi zangu ni za kubahatisha, najua. Lakini mimi ndiye niliyefungulia bomba."

"Hukujua."

"Na wewe hukujua. Hatukujua wote. Sasa nisogezee kiti, na mwambie huyo wa pamba atulie, ananichanganya."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, kabla ya saa tisa alasiri, bila mtu hata mmoja kusema kwamba anakubali. Mama Dobi alimshika Fundi mabega. Wifi alikaa sakafuni karibu na mtoto, karibu kadiri alivyothubutu. Na aliyepuliza ni bibi. Aliweka kimrija mdomoni, akaanza juu ya ukurasa akishuka taratibu, kushoto kwenda kulia, kama alivyomwona mkwewe akifanya mlango unapokuwa wazi, akipumzika kila baada ya pumzi tatu na kuendelea, na ukungu ukawashukia sawasawa wote wawili, mweupe na wa kahawia, kwa sababu dawa haichagui. Sauti ya pamba ikapungua, ikawa moja moja, ikakoma. Bibi alisubiri kidogo. Akanyoosha kiganja, akakipitisha juu ya ukurasa, akakigeuza na kukitazama. Kilikuwa safi. Akamfungulia mjukuu wake mikono, akamkumbatia kwa nguvu zote alizobakiza, na nguo yake haikushika rangi.

Kisha, akiwa bado amemshika, alimwambia wifi kwamba ukurasa umekauka, aende jikoni akawapakulie watoto chakula, sahani mbili.